Mkono Ukande

Baba yangu alichomelea mageti maisha yake yote, na mashine za kusaga chuma zikamwachia masikio ya kuchagua. Ukimwambia chakula tayari, anasikia akiwa barabarani. Ukimwambia jambo la maana, anasikia nusu, na nusu iliyobaki anaijaza mwenyewe. Mimi nami uvumilivu sikujaliwa, kwa hiyo tunapendana kwa kugombana.

Mama alipopatwa na kiharusi, miguu ilirudi, ulimi ukarudi, mkono wa kulia ukagoma. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa nafuu ya kushukuru, lakini mama yangu ni muokaji. Alikuwa na kundi lake kwenye simu, waokaji wa nyumbani waliotumiana picha za mikate, skonzi na keki, na zaidi picha za mikate iliyowashinda, ambayo waliiita matofali. Yeye walimwita Mama Hamira. Mtu akituma tofali lake, mama ndiye aliyemwambia kama maji yalizidi, au kama alifungua oveni mapema kwa umbea tu. Tangu augue hakujibu hata salamu. Kisha akatangaza kwamba oveni yake aichukue fundi cherehani, mwenzake wa kundi anayekaa mtaa wa pili. Fundi alikubali haraka mno, nikamchukia pale pale. Angekuja Jumamosi.

"Kitu kisichofanya kazi kinajaza nafasi tu," mama alisema, na nilijua haongelei oveni. Niliumia, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi tayari.

Wiki ile ile mtaalamu wa tiba ya viungo alipiga simu kutoka hospitali. Mimi nilikuwa kazini, baba akapokea. Niliporudi jioni nilikuta meza ya jikoni imejaa unga, baba amejifunga aproni ya mama juu ya suruali yake ya kazi, na mama yuko kitini ameduwaa.

Nikauliza kulikoni. Baba akaeleza kwa fahari kwamba ni agizo la hospitali: mkono wa mama ukande kila siku, asubuhi na jioni, kwa maji ya vuguvugu. Hamira ameshanunua.

"Baba," nikasema, "ukandwe. Mkono ukandwe. Wewe ndiye umkande yeye."

"Mimi nimesikia ukande."

"Umemeza herufi, baba."

"Na hayo maji ya vuguvugu je? Mkate haukandwi kwa maji ya vuguvugu?"

Ni kweli, unakandwa kwa hayo hayo. Hapo mama akacheka. Alianza puani, yakafuata mabega, mwisho akacheka mpaka akashika meza asianguke. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu atoke hospitali. Nilitamani kumbusu baba na kumchapa mwiko kwa wakati mmoja.

Baba ni mbishi, kwa hiyo aliendelea. Alikanda kama anayenyoosha bati. Mama alivumilia kidogo, akamwambia asitwange, asukume kwa kiganja, akunje, asukume tena. Baba akatwanga. Mama akainuka, akamsukuma kando kwa nyonga, na kwa hasira akatia mikono yote miwili kwenye unga. Wa kushoto ulifanya kazi. Wa kulia ulikaa tu juu ya donge kama mgeni, lakini vidole viwili vilizama.

Mkate ulitoka tofali la kujengea. Tulilila hivyo hivyo, na chai nyingi.

Kesho yake nilimpigia mtaalamu kumweleza. Alicheka sana, akasisitiza mkono ukandwe kama alivyoagiza, na kama kukanda unga hakumuumizi mama, basi akande pia. Nyumba yetu ikawa ya kukandana: baba anamkanda mama kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, mama anakanda unga, mimi nafagia nyuma yao na kulalamika. Mkono haukupona, nisidanganye. Ila kidole gumba kilianza kusaidia, na tofali la Ijumaa liliumuka upande mmoja. Suala la oveni hakuna aliyethubutu kuligusa. Mama akishatoa neno, hata likimchoma halirudishi, na mimi nilishajiandaa kuona ikitolewa mlangoni huku yeye akitabasamu kwa adabu.

Jumamosi fundi cherehani alifika na mtu wa mkokoteni. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, pini zimejaa kwenye blauzi yake. Mkate ulikuwa ndani, oveni ya moto. Mama alisimama mbele ya hiyo oveni, unga mpaka kwenye viwiko.

"Mwenzangu," akasema, "nilikupa neno langu, na sasa naona haya kulirudisha. Nisamehe. Oveni bado naihitaji."

Fundi alivuta kiti akakaa, akajifuta macho.

"Mimi oveni ninayo, Mama Hamira. Hii ningeifunika shuka tu chumbani kwangu. Niliogopa ungempa mtu ambaye hangekurudishia."

Nikamsamehe kila kitu, pamoja na yale ambayo hakunikosea. Mama alimwambia mtu wa mkokoteni akae, asiondoke bila kuonja. Kisha akalisogeza katikati ya meza bakuli la donge la pili, kwa mikono miwili, wa kulia ukitetemeka ukingoni. Baba alinyanyuka kumsaidia, nikamvuta shati akakaa.

"Njoo tukande," mama akamwambia fundi. "Ila toa hizo pini kwanza. Sitaki mtu ameze pini kwenye mkate wangu."

Mkate wangu, alisema. Nilitoka uani nikalia vizuri, kisha nikarudi kunawa mikono.