Gitaa la Chini ya Blanketi

Marsela alipanda juu ya kigoda, akapenyeza mikono darini katikati ya mahindi ya mbegu, akalishusha gitaa la marehemu mumewe taratibu, kama mtu anayepokea mtoto kwa mkunga. Lilikuwa limeviringishwa ndani ya koti lake la kazi. Tangu Inosenti azikwe, hakuna mkono mwingine uliowahi kuligusa. Leo Leonida, kitindamimba wao, alikuwa amepokea Komunyo ya kwanza, na hii ndiyo siku aliyoahidiwa.

Ahadi yenyewe ilikuwa ya Inosenti kabla haijawa ya Marsela. Alipofariki, Leonida alikuwa bado ananyonya. Hamjui baba yake kwa sura wala kwa sauti. Picha waliyobaki nayo ni ile ya kitambulisho cha kazi tu, na hapo Inosenti amekunja uso kama mtu anayeumwa jino. Mtoto akiitazama huishia kuogopa. Lakini siku zake za mwisho Inosenti alisema, "Hili ni la Leonida. Tazama lilivyo dogo. Akifika umri wa Komunyo litamkaa mapajani kama limekatwa kwa kipimo chake. Mwache alisikie, atajua baba yake alikuwa mtu gani."

Lilikuwa dogo kweli, na kiuno chembamba kama cha mwali. Inosenti alilipata kwa dereva Mkenya wa magari ya watalii, siku zile mpaka wa Kenya bado uko wazi, alipokuwa mpishi katika hoteli moja kule juu ukingoni mwa kreta. Akija likizo nyumbani Kansay, kabla hajavua viatu, hulikalisha gotini akapiga mwimbo wake mmoja usio na maneno, alioutunga mwenyewe kwenye ukungu wa kule. Alipougua kifua akashindwa kukaa, alililaza juu ya mbavu zake akalipiga hivyo hivyo chali, kwa kidole kimoja. Gitaa kubwa lingemkata pumzi. Hili lilipanda na kushuka naye, na Marsela akiwa jikoni alijua mumewe anavuta pumzi kwa kulisikia.

Baada ya mazishi mama mkwe alisema nyumba yenye msiba haikai na chombo cha muziki mbele ya watu. Marsela akaliweka darini, juu ya mafiga. Hakuna mahali pengine pa kuweka kitu cha thamani. Uvunguni kuna mchwa, ukutani kuna unyevu wa masika. Darini ndiko mbegu zinakokaa mwaka mzima fukusi wasizione, ndiko vibuyu vinakokomaa vikawa vigumu kama mfupa. Kila Pasaka alilishusha, akalipaka mafuta ya kondoo mbele na nyuma ili lisikauke, akasali Baba Yetu, akalirudisha kwenye moshi.

Mchana ule, watu wa sherehe walipotawanyika, walibaki wanne sebuleni: Marsela, Leonida na gauni lake jeupe, Valeriani mdogo wake Inosenti, na Naftali, aliyepika pamoja na Inosenti kule hotelini na ambaye bado yuko kule. Naftali ndiye aliyepata nyuzi mpya, alizoachiwa na mgeni mmoja. Madukani hata sabuni ilikuwa haionekani, sembuse nyuzi za gitaa.

"Naftali," Valeriani akaanza, "umeshuka kutoka kreta na mabega yote hayo kuja kupiga kijigitaa hiki? Si kimedumaa? Kilikosa maziwa utotoni?"

"Cheka tu, bwana. Mimi la kwangu ni fahali. Likilia, msimamizi anakuja mbio kwamba wageni hawalali. Hili la Inosenti tulikuwa tunalipiga chini ya blanketi, chumba kimejaa watu, na kila mmoja anaona kama linamsemesha yeye peke yake."

"Kwa hiyo lilikuwa linanong'ona."

"Nani kasema? Linasema wazi, ila halipayuki. Kubwa linavuma, maneno yanapotelea tumboni. Hili kila uzi unausikia ulipo."

"Shemeji, unamsikia huyu Mlutheri? Anataka kulioa."

"Mwache kwanza alivishe," Marsela akajibu, na wote wakacheka.

Naftali akalifungua lile koti la Inosenti. Gitaa lilikuwa jeusi, linang'aa kama kibuyu cha maziwa. Marsela aliona fahari ikimpanda. Hakuna tundu la mdudu hata moja! Lakini yeye ni mtu wa kuangalia mikono ya watu kuliko midomo yao, na aliona kidole gumba cha Naftali kikibonyeza ubao wa mbele, kikatulia, kikabonyeza tena. Naftali akaanza kufunga nyuzi.

Aliukaza wa kwanza, akaugusa.

Sauti moja. Marsela akashika ukingo wa meza.

"Ndiyo baba huyo?" Leonida akauliza kwa kunong'ona.

"Ndiyo anaanza," mama yake akamwambia.

Naftali akakaza wa pili, wa tatu, pole pole, shingo ameinamisha kama anayesikiliza mgonjwa. Ndipo kitu kikalia kama kuni kavu inayopasuka. Kibao kinachoshika nyuzi kiling'oka na kipande cha ubao wa mbele, tumbo la gitaa likabonyea ndani, na shingo ikalala pembeni. Nyuzi zikabaki zinatetemeka bila sauti.

Nje kuku walikuwa wakigombania makombo ya pilau.

"Ni uzee," Naftali akasema hatimaye. "Vitu vina siku zake, Mama Leonida."

"Halijazeeka," Leonida akadakia kwa kumtetea mama yake. "Mama alikuwa analiweka kwenye joto kila siku. Na mafuta analipaka!"

Naftali akainua macho kutazama dari, mara moja tu, akayashusha haraka. Marsela akayaona.

"Naftali," akasema. "Ulilala chumba kimoja na mume wangu. Usinifiche."

Yule bwana akalikalisha gitaa mapajani kwa mikono miwili, ingawa hapakuwa na kitu cha kushikilia tena. "Gundi, mama. Joto la kila siku linailegeza. Na ubao wake ni mwembamba mno, ndio uliolipa ile sauti. La kwangu ni nene, pengine lingevumilia."

"Na mafuta?"

Naftali akapangusa ubao kwa kiganja.

"Na mafuta, Naftali?"

"Na mafuta pia, mama. Ubao umeyanywa, umelegea."

Valeriani akakohoa. "Seremala yupo pale Karatu. Tulipeleke kesho, alibandike."

"Atalibandika," Naftali akasema. "Utapata sanduku zuri."

Marsela hakulia. Aliokota vipande, akavipanga juu ya koti kimoja baada ya kingine. Pasaka zote zile alikuwa akiamini analinda, kumbe kila kuni aliyochochea ilikuwa inaondoka na kitu.

"Mama," Leonida akasema, "sasa wewe niimbie. Mwimbo wa baba ulikuwaje?"

Marsela akafungua kinywa. Alijua ulikoanzia, chini, kama mtu anayepiga hodi. Akautafuta. Miaka yote hakuwahi kuukariri, kwa sababu alijua uko darini, umetunzwa, siku ukitakiwa utashushwa.

"Ulikuwa hivi?" Valeriani akajaribu, akavumisha puani.

"Siyo hivyo, shemeji."

Naftali naye akajaribu, akifumba macho.

"Siyo. Hapo haukupanda."

"Ulishuka?"

"Siyo kushuka hivyo." Kila walipokosea alijua wamekosea, lakini penyewe hapakuja. Akajaribu kwa sauti yake, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu koo lilishika njia liliyoizoea, na kilichotoka kikawa wimbo wa Ekaristi waliouimba asubuhi kanisani.

Uso wa Leonida ukachanua. "Huu naujua! Mama, kumbe ndio mwimbo wa baba!" Akasimama, akaanza kuuimba kwa sauti kubwa, huku akizungusha gauni lake.

Valeriani akamtazama shemeji yake, kisha akatazama miguu. Naftali akasogeza kikombe chake cha chai bila kukinyanyua. Marsela, ambaye tangu ujana wake hakuwahi kumdanganya mtoto, alingoja mtoto afike mwisho wa ubeti ndipo amwambie.

Ubeti ukaisha. Leonida akamgeukia, akihema, macho yanang'aa. "Aliupenda sana?"

"Imba, mwanangu," Marsela akasema. "Endelea, imba."