Saa za Juu ya Kaburi la Nyakerario

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, vumbi la jiwe la sabuni tunalochonga lilikuwa limetulia juu ya migomba yetu hapa Tabaka, jeupe, jepesi, jua likilipiga kama unga uliomwagika. Ndiyo siku mambo yalipoharibika. Ndiyo siku watu wa barabara walipokuja wakapaka msalaba mwekundu juu ya kaburi lako, Nyakerario.

"Mzee, utamfukua," akasema Mokua, mkubwa wao, bila hata kuvua kofia. "Barabara inapita hapa. Utamzika kwingine."

Walisema wakubwa. Wakubwa hawahawa ambao gari lao la wagonjwa lilikosa mafuta siku wewe ulipokosa pumzi. Ulipokuwa hai hawakukuletea barabara. Umelala, ndipo wanakupitishia kitandani!

Mimi ni mtu wa darasa la nne, mke wangu. Kubishana na ofisi sijui. Nilichofanya, nilihamishia kazi yangu hapo kwako: kisu, tupa, kiti changu kifupi. Nikachonga viboko, nikachonga twiga, nikachonga bakuli. Vumbi likakuangukia kama zamani, ulipokuwa ukipiga msasa kwa maji na kunicheka kwamba twiga wangu wana shingo za mbuzi. Wakitaka kukufukua, nikasema, waanze na mimi.

Walisema wakubwa: huyu mkaidi apimiwe tena. Wakamleta seveya, mpima ardhi, Nyanchama, msichana wa Keroka, mwenye fimbo ndefu iliyo na kichwa kama uyoga. Akaisimamisha kando yako. Akangoja.

"Unangoja nani?" nikamuuliza. "Kama ni mkubwa mwingine, ninao wa kutosha."

Akacheka, akaniita baba kwa lugha yetu. "Tulia, tata. Nangoja saa za angani."

Akanieleza, na mimi nakueleza wewe. Kule juu setilaiti zinazunguka, kila moja na saa yake, na fimbo hujua mahali iliposimama kwa kusikiliza saa hizo. Mwendo wao unazichelewesha kidogo, lakini kuwa mbali na mvutano wa dunia kunaziharakisha zaidi. Muda si mmoja kila mahali, Nyakerario. Huku chini unajikokota, kule juu unakimbia.

"Tusiporekebisha," akasema, "kufika kesho fimbo hii itasema kaburi liko kilomita kumi kutoka hapa."

"Basi msirekebishe! Barabara imtafute huko."

Mokua akakohoa. Fimbo ikaendelea kungoja, na msichana akainua kidole kwenye anga tupu ya mchana. Nyota ziko, akasema, hata sasa, jua tu ndilo linalozifunika. Na jua lenyewe ni nyota moja katika kundi la nyota mabilioni kwa mabilioni, na nje ya kundi hilo kuna makundi mengine, mengi yasiyohesabika, mengine mbali hivi kwamba mwanga wao uliondoka huko kabla dunia haijakuwepo, na bado uko njiani. Na yote hayo, tangu yalipoanza kutawanyika, yana umri wa miaka karibu bilioni kumi na nne.

"Na msimamizi wa huko ni nani?"

"Najua si Mokua, tata."

Nikacheka, mke wangu. Nilicheka mpaka kisu kikaniponyoka. Huko kote, upana wote huo, hakuna ofisi yao hata moja!

Fimbo ikalia. Nyanchama akasoma, akatembea, akavuka njia ya malori, akaingia migombani, akasimama. "Barabara ya ramani iko huku," akamwambia Mokua. "Mlipima kutoka njia ya malori ya mawe. Imekuwa ikihama kila mwaka, ikikwepa mashimo mliyoyaacha. Huyu mama hajaifuata barabara. Barabara ndiyo iliyomfuata."

Mokua akaagiza msalaba ufutwe. Mimi nikakaa chini, palepale kwako, kifua kimefunguka kama mlango uliokuwa umevimba kwa mvua. Hutafukuliwa. Hutaondoka. Lala, mama wa watoto wangu, lala.

Msichana alipokuwa akikunja vyombo vyake nikamuuliza jambo moja, naye akatikisa kichwa, akasema hata waliomfundisha, hata waliowafundisha hao, bado wanalitafuta. Muda unakubali kuharakishwa, unakubali kucheleweshwa. Mbona haukubali kurudi?