Wino wa Kijani

Waraka wa kuwawezesha wakuu wa idara ulifika Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya wiki ya kazi, na Daktari Rudaina, mkuu wa idara ya kilimo, aliusoma mara tatu kwa kutoamini macho yake. Kuanzia leo, ulisema, mkuu wa idara ataamua mwenyewe mambo ya idara yake, ili ubunifu ustawi chuoni.

Yeye alikuwa na jambo moja tu. Kwa miaka minne alikuwa akiomba basi la kuwapeleka wanafunzi wa kilimo kwenye mashamba ya mizeituni ya Ajlun, kaskazini mwa Yordani, wakati wa mavuno, na kwa miaka minne ruhusa ilikuja zeituni zimeshachumwa, zimeshakamuliwa, na watu wameshachovya mkate kwenye mafuta yake. Darasa la mwaka huu lilikuwa linahitimu. Likitoka bila kushika tawi, litakwenda kuwafundisha wakulima mambo liliyoyaona ubaoni. Hilo lilimuuma, tena sana. Na mavuno yalibakiza siku nne kwisha.

Akaandika barua, akaitia saini mwenyewe, akampelekea Abu Sakhr, dereva wa basi la chuo. Abu Sakhr akaigeuza mbele na nyuma.

"Neno la mkuu wa kitivo liko wapi?"

"Halihitajiki. Soma waraka."

"Nimeusoma, Daktari. Mzuri, hata mke wangu nimemsomea. Lakini pembeni hapa pawe na kijani. Miaka ishirini na sita mie naondoka na kijani."

Kweli, chuoni hapo wino wa kijani ulikuwa wa mkuu wa kitivo peke yake. Wengine wote waliandika kwa buluu.

Rudaina akapanda ghorofani kwa huyo mkuu wa kitivo, Daktari Hikmat, akamkuta anakunywa kahawa. Hikmat akaisukuma barua kwa kidole.

"Dada yangu, nikisaini nitakuwa nimekupokonya madaraka yako. Siwezi kukufanyia hivyo."

"Nipokonye, Daktari. Kwa leo tu."

"Waraka hauruhusu. Labda umwandikie rais wa chuo, akuruhusu usiwezeshwe. Kwa mwezi mmoja hivi atakuwa amejibu."

Alishuka ngazi amefura kwa hasira. Getini kulikuwa na duka la madaftari. Akanunua kalamu ya kijani, akaegemea friji ya soda, na pembeni mwa barua yake mwenyewe akaandika: "Hakuna pingamizi. Yafanyike yanayohitajika." Akasaini Rudaina, kwa herufi za kusomeka, maana hakutaka kumdanganya mtu.

Abu Sakhr akasoma jina. Akatazama rangi. Akatazama jina tena.

"Hapo sasa umenena," akasema, akatafuta funguo.

Huko Ajlun wanafunzi walichuma siku mbili. Msichana aliyeongoza darasa kwa alama akachuma zeituni mtini, akaitafuna, akakunja uso kwa ule uchungu wa zeituni mbichi, akauliza kama imeoza. Rudaina alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha yakabaki machozi.

Wiki iliyofuata ukaja waraka mwingine. Ulisifu mafanikio ya uwezeshaji, ukaitaja safari ya Ajlun kuwa mfano wa ubunifu, na mwisho ukawapiga marufuku wakuu wa idara kutumia wino wa kijani bila idhini ya mkuu wa kitivo. Kila mmoja aandike pembeni kwamba ameuona.

Rudaina akafungua mkoba, akatoa kalamu.

"Nimeuona," akaandika kwa kijani. "Hakuna pingamizi."