Mawe Meupe Nyuma ya Mtama

Manyanda alipomaliza kufyeka kichaka cha nyuma ya shamba la mtama, aliyaona: mawe matatu yamesimama wima, yamepangana, marefu kama watu, na meupe kichwani. Hakuyagusa. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, Minza, "Funga vyombo. Tumelima ndani ya hifadhi."

Minza akafunga. Mtu akishahamishwa na bikoni, yale mawe ya mpaka ya serikali, zaidi ya mara moja haulizi maswali. Kote walikotoka ilianza hivyohivyo: bikoni yenye rangi nyeupe, kisha gari, kisha amri. Ila safari hii alikuwa na kaburi. Binti yao Kabula alizikwa masika yaliyopita pembeni ya uwanja, na nyasi zilikuwa hazijashika vizuri juu yake. Minza aliliwaza kaburi lile kama ulimi unavyopapasa jino lililopigwa ganzi. Lipo, haliumi.

Ng'ombe walishatangulia na shemeji yake Minza. Waliobaki ni wale wawili wa mkokoteni, nao walikuwa tayari kwenye nira, ndipo akapita Agatha, jirani yao, Mpimbwe, mwenyeji wa huko, jembe begani.

"Jamani, mnahama bila hata kuaga?"

"Bikoni," Manyanda akasema, akaelekeza kidevu kule nyuma.

Agatha akaenda kutazama, nao wakamfuata. Akakwangua ule weupe kwa ukucha, ukabanduka kama magamba.

"Hii rangi gani? Hii kuvu. Nyie Wasukuma mkiona jiwe limesimama mnaona serikali." Akacheka peke yake. "Haya ni ya watu wa kale. Bibi yangu aliyakuta, na bibi yake naye aliyakuta."

"Waliyasimamisha ya nini?" Minza akauliza.

"Wangekuwepo ungewauliza. Mimi najua mbuzi wanajikunia hapo, basi."

Minza akangoja furaha ije. Haikuja. Akarudi kwenye mkokoteni, akaanza kufungua kamba.

"Acha hiyo," Manyanda akasema. "Leo si bikoni, kesho itakuja yenyewe. Twende."

"Baba Kabula." Ndivyo alivyomwita siku zote, na hakuna aliyemwambia aache. "Mimi sihami."

"Utabaki na nani?"

Manyanda akatupa jicho kule uwanjani, akaliondoa upesi. Minza alishusha godoro, akashusha jembe, akashusha debe la mbegu. Mume alisimama kidogo, kama mtu anayengoja ugomvi. Ugomvi haukuwepo. Akawapigia ng'ombe mluzi, mkokoteni ukaondoka na vyombo vilivyobaki.

Agatha alikuwa bado amesimama palepale.

"Mama Kabula, sufuria imekwenda naye."

"Nimeona," Minza akasema. "Utaniazima."