Kule Mahame Hakuna Mtu

Binti yangu anaitwa Matlakala, maana yake takataka, na alipojitokeza kugombea udiwani watu walicheka mpaka kofia zikawadondoka. Kwetu mtoto akizaliwa baada ya kaburi hupewa jina baya, kifo kisimtamani. Kifo kilimpita. Kama wapiga kura nao wangempita, hilo tulikuwa hatujui.

Mpinzani wake alikuwa Bwana Keoagile, au Rra kama tusemavyo kwetu, diwani wa siku zote, tumbo mbele, sauti nene nyuma. Siku ya kujadiliana walisimamishwa chini ya turubai, jua la mchana likituchoma. Mada ilikuwa barabara ya basi la kwenda mjini, na namna ya kuipitisha bila kuimaliza nchi.

"Lami itapita kwenye ming'ongo," alisema Keoagile. "Ikatwe! Mti haupandi basi."

"Wala hauibi saruji, Rra," alijibu binti yangu, na wanawake wakapiga vigelegele. "Miti ile ndiyo kivuli chetu, na nchi inakauka. Mimi nataka basi la umeme wa jua, na njia ipite mahame. Pamenyooka, hakuna mti wa kukata, hakuna mtu wa kuhamisha. Kule hakuna mtu."

Vigelegele vyangu vikaishia hapo.

Mahame ni kijiji chetu cha zamani, tulichokihama visima vilipokufa. Kuta zimebaki za kufika magotini. Chini ya ukuta wa nyumba yangu, upande wa kivulini, ndani ya chungu, yumo mtoto wangu wa kwanza. Mtoto anayekufa kabla mamaye hajatoka uzazini huzikwa na wanawake peke yao, penye ubichi. Mama halii, wala hamtaji mbele ya watu, asije akafunga mvua. Mume wangu alikufa hajui ni wapi. Matlakala alijua ametanguliwa na mtu. Amelala wapi, hakuuliza, nami sikusema. Ila kila nikienda kuokota kuni kule, namsikia analia, kilio chembamba cha mwenye njaa, na haya maziwa yangu makavu yanashtuka.

"Twendeni tukapaone!" alisema Matlakala.

Alikuwa amekuja na mkokoteni wa punda, ili kumkoga Keoagile na gari lake kubwa. Nikapanda.

"Nisogezee mguu, mwanangu, wangu haujapata barabara ya kupita." Tulipokwenda kidogo nikamwambia, "Kwa nini usiizungushe nyuma ya kilima?"

"Mama, nyuma ya kilima ni mbali mno. Nani atanichagua?"

"Wanaopenda kutembea."

"Mama!"

Umati ukatufuata kwa nyimbo. Kwenye ukuta wa kwanza punda wakagoma. Wakabembelezwa, wakachapwa, wapi.

"Hao ndio wapiga kura wako, Mma," alipaza sauti Keoagile, "na wameshaamua!"

Watu wakaangua kicheko. Matlakala akaruka chini ili awavute kwa mbele. Akavuka ukuta mmoja, akavuka wa pili, ambao ni wangu. Akasimama, akatega sikio.

"Nani kaacha mtoto huku?"

Kicheko kikakatika.

"Ni upepo," alisema Keoagile. Upepo wenyewe haukuwapo. Bendera za mkokoteni zilining'inia kama ndimi za mbwa.

"Mama, nani analia?"

Nikinyamaza, tingatinga litapita juu yake, tena kwa amri ya mdogo wake. Nikisema, na mvua ikikosekana, kijiji kizima kitajua pa kunipata. Nikateremka. Nilivuka ukuta, nikaenda kusimama upande wa kivulini.

Mma-Tshenolo, mke wa Keoagile, akafunga mwavuli wake, akashika njia kuelekea ukuta wa mbali.

"Na wewe unakwenda wapi?" mumewe aliuliza.

Nyuma ya Mma-Tshenolo akatoka mama mwingine, na mwingine. Mahame yakajaa vikongwe, kila mmoja kwake, hakuna aliyemtazama mwenziwe. Mmoja alifungua chupa yake ya maji akaimwaga chini, taratibu, mpaka tone la mwisho. Kati yetu hapakubaki nafasi ya kupitisha hata toroli.

Keoagile alivua kofia. Alimkodolea macho mkewe kama mtu aliyeonyeshwa chumba nyumbani kwake ambacho hajapata kukiingia.

Matlakala akanisogelea sikioni. "Ni mkubwa wangu?"

"Ni mkubwa wako."

"Anaitwa nani?"

"Hakuwahi kupewa jina."

Akawageukia watu. "Nimesema huku hakuna mtu. Nimekosea. Barabara itazunguka kilima. Anayeona ni mbali, kura yake ampe Rra."

"Tutafika kazini jioni!" kijana mmoja alinung'unika.

"Nyamaza wewe," alisema Keoagile, bila sauti yake ile. "Hata mimi hapa sipiti."

Matlakala alishinda, kwa kuponea chupuchupu. Basi la jua linazunguka kilima, ming'ongo imesimama, na vijana wanaulaani ule umbali kila siku. Nilidhani barabara ikipinda, mwanangu atanyamaza. Wapi! Sasa anaanza asubuhi, basi linapopiga honi kule mbali, na analia mpaka mlio wa basi upotee. Mma-Tshenolo anasema wa kwake pia.

Labda na wao wanataka kupanda.