Dada Zilpah Alitoa Sauti

Jumatano tarehe nane Mei 1996, saa kumi na moja jioni, kwaya ya kanisa la mabati lililo nyuma ya soko la Migori ilikuwa imefika ubeti wa tatu wakati sauti ya Zilpah ilipomtoka ikaenda kukaa juu ya boriti. Wenzake waliendelea. Wimbo ulikuwa na beti tano na Mwalimu Dishon hakupenda wimbo ukatwe katikati.

Mwalimu Dishon alifundisha hesabu mchana na kwaya jioni. Elimu yake ya uimbaji aliitoa kwenye kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada wala kurasa kumi na mbili za mwanzo. Kitabu kilisema sauti isibanwe kooni bali iwekwe usoni, pale barakoa inapokaa. Yeye alitafsiri kwamba sauti iwekwe kwenye barakoa. Waimbaji walingoja wiki mbili barakoa zigawiwe. Zilipokosa kuja, walirudi kooni kama zamani, wakaongezea mayai mabichi na tangawizi.

Kitabu cha nyimbo kilisema wimbo ule uanze do ikiwa F. Kwaya ya Homa Bay, iliyoshinda mwaka uliotangulia, ilikuwa imeuimba kwa G. Kwa hiyo Mwalimu Dishon aliupandisha hadi A, maana hesabu anaijua.

Katika maandishi ya do-re-mi hakuna juu wala chini. Herufi zimepangwa mstari mmoja kama watu kwenye foleni ya posta, na ile ya sauti nyembamba huwekewa kistari kidogo begani, basi. Lakini Mwalimu Dishon akifika kwenye mi yenye kistari aliinua mkono mpaka kwapa likaonekana, na sauti ya kwanza yote, akina mama tisa, waliinua videvu wakaufuata.

"Toa," alikuwa akisema. "Toa yote, Zilpah. Usiniwekee akiba."

Zilpah alitoa yote. Shingo yake ilisimama mishipa kama mbuzi anayevuta kamba, kisha sauti ikapita, ikapanda, ikatulia juu ya boriti kama kuku aliyekataa kushuka. Huko iliendelea na mi ile ile, safi, bila kutetemeka. Popo wawili walisogea kuipisha. Zilpah alifunga kitabu, akafungua mdomo aseme kitu, na hakikutoka kitu.

Mwalimu Dishon aliinamisha kichwa upande mmoja akasikiliza. Akasema hapo sasa ndipo alipokuwa anapataka.

Zilpah alikuwa akiuza ndizi kutoka Kisii. Kabla ya siku ile mtu aliyeshuka gari stendi alijua bei ya ndizi zake kabla hajaona soko. Sasa aliuza kwa vidole, na wateja wakasema amekuwa na maringo. Watoto aliwaita kula kwa kugonga sufuria. Mumewe, Ongeri, alipoulizwa na watu wa kanisa hali ya nyumbani, alijibu kwamba nyumba imetulia sana, na kwamba kwa upande wake hakuna haraka.

Haraka ilikuwa upande wa Zilpah. Aliandika kwenye karatasi, "Naomba sauti yangu," akampelekea Mwalimu Dishon. Mwalimu alisahihisha herufi moja akamrudishia. Alimweleza kwa upole kwamba sauti ile, tangu ipande, haikohoi, haichelewi mazoezi, na kila akiinua mkono inaitika. Wangelizungumza jambo hilo baada ya mashindano ya mwezi wa nane.

Aliyemsaidia ni jirani yake wa meza, Pauline, mjane kutoka Rusinga aliyeuza omena, dagaa wa ziwani. Pauline alikuwa Mkatoliki na aliimba kwenye matanga siku tatu mfululizo bila kukwaruza koo, jambo ambalo watu wa kanisa la mabati walilihesabu kuwa ni ukaidi. Alimwomba Zilpah amwonyeshe alivyoimba siku ile. Zilpah akafungua mdomo bila sauti, akainua kidevu.

"Si unaona," Pauline akasema. "Unainua shingo kama kuku anakunywa maji. Sasa sauti ingeenda wapi, nyathina, mwanangu, kama si kwa bati?"

Kila asubuhi kabla ya wanunuzi kufika, alimfunga leso mbavuni akamwambia avute pumzi mpaka leso ikaze, mabega yasiamke. Alimfundisha kupiga miayo mdomo ukiwa umefungwa, taya likining'inia kama la mtu aliyesinzia kwenye mahubiri. Kisha avume taratibu, kama mtu anayekubali mchuzi ni mtamu, mpaka mfupa wa pua uwashe. Asiite sauti, wala asiikimbilie. Itakuja yenyewe ikiona kuna nafasi.

"Mi yako iko hapa," alimwambia, akimgonga kwa kidole kati ya macho. "Si huko kwa Mungu. Kwa Mungu peleka maombi."

Wiki ya kwanza sauti ilishuka kutoka kwenye boriti hadi dirishani. Wiki ya pili ilikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Zilpah alipata do, kisha re, na Alhamisi moja alimwambia mteja, "Ongeza shilingi moja," kwa sauti kamili, akaketi juu ya debe kidogo kabla ya kuendelea.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Dishon aliinua mkono na mi ikatokea nyuma, mlangoni, laini, bila kelele, ikiwa na viatu miguuni, kama tuseme hivyo. Alisimamisha wimbo, mara ya kwanza katika miaka sita. Aliinua mkono tena, juu zaidi, akasema toa, toa. Sauti ilikuwa imezoea kutii. Ikapanda tena hadi boriti, na do na re zikaifuata. Mbele ya kanisa Zilpah alishika koo.

Baraza la kanisa lilikutana kesho yake. Mzee Bogonko, mwenye duka la mbao, aliongoza kikao, na Mochama, karani, alisoma kumbukumbu.

"Tarehe nane Mei, Dada Zilpah alitoa sauti."

"Aliitoa wapi?" Mzee Bogonko akauliza.

"Humu kanisani, mzee."

"Alishikwa mkono?"

"Hapana. Aliambiwa atoe, akatoa."

"Basi hiyo ni sadaka," Mzee Bogonko akasema. "Na mtu hatoi sadaka Jumamosi halafu Jumatatu akaja na kikapu."

Mjumbe mmoja alitaka kujua kama sauti isiyo na mtu si ala ya muziki, kwa kuwa ngoma zilikuwa zimekatazwa tangu 1991. Ilijadiliwa kwa saa nzima. Iliamuliwa kwamba haipigwi, kwa hiyo si ngoma. Azimio la pili lilimtaka Dada Zilpah asivume karibu na jengo. Zilpah aliinua mkono kupinga. Mochama aliandika kwamba azimio limepita kwa kura zote, pamoja na ya Dada Zilpah mwenyewe, aliyeinua mkono.

Mwezi wa nane waling'oa boriti ile pamoja na bati lake, wakavipandisha kwenye lori, wakaenda Homa Bay. Sauti ilisafiri vizuri. Ni Rongo tu ilipotoa mi moja, na polisi wa kizuizini akalisimamisha lori, akakagua leseni, akauliza nani ameitoa. Walimwonyesha bati. Akasema limefungwa vibaya, likazwe kamba.

Uwanjani, mbele ya ziwa, walisimamisha bati juu ya miti miwili, kwaya ikajipanga chini yake. Wimbo ulipokwisha jaji aliandika kwamba sauti ya kwanza haionyeshi uchovu wowote, na kwamba waimbaji wachache sana nchini wanajua kuiweka sauti mahali pake namna hii. Mshindi alipewa saa ya ukutani. Zilpah alikuwa upande wa jikoni akisonga ugali wa kwaya. Alijisikia akiimba, akaona ni vizuri kweli, akaendelea kusonga, maana moto haungoji.

Boriti ilirudishwa Migori ikapigiliwa mahali pake. Bati lilivuja kwenye matundu ya misumari mipya. Saa ilitundikwa chini yake.

Alipokumbushwa kwamba mashindano yamekwisha, Mwalimu Dishon alisema ni kweli yamekwisha, na ya mwaka ujao yamekaribia. Alikuwa amesikia kwamba Homa Bay nao wanatafuta boriti. Kwa hesabu yake Migori ingehitaji sauti mbili, na do ingepanda hadi B. Alimchagua Joyline, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akijifunza ushonaji, ambaye alicheka ovyo na kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Baraza, kwa kumtambua Zilpah, lilimpa kiti cha heshima benchi la mbele, moja kwa moja chini ya sauti yake, aisikilize wakati wowote kanisa likiwa wazi.

Jumatano ya kwanza ya mazoezi Zilpah alikaa hapo, leso mbavuni. Ubeti wa kwanza ulipita, wa pili ukapita. Kwenye wa tatu Mwalimu Dishon aliinua mkono, akasema, "Toa, Joyline. Usiniwekee akiba." Joyline akainua kidevu.

Zilpah alinyoosha kiganja mbele yake akakishusha polepole. Chini, mtoto. Kishushe kidevu. Alirudia mara ya pili na ya tatu.

Joyline alimwona. Alidhani anabarikiwa, akatabasamu, akainua kidevu zaidi. Juu ya boriti popo walianza kusogea.