Barua Moja ya Hospitali

Kila Machi wafumaji na wachimba makaa ya mawe walicheza mechi ya mpira ya hisani, na kiingilio chote kilikwenda hospitali ya mji. Hospitali nayo ilishukuru kwa namna yake: ilitoa barua moja. Maskini asiye na barua ya mfadhili hakulazwa, hata akiugulia mlangoni. Barua hiyo alikabidhiwa nahodha wa timu iliyoshinda, ampe amtakaye. Hisani ya aina hiyo watu huipigania kwa viwiko.

Enoch Ormerod, nahodha wa wafumaji, aliitaka kwa ajili ya mama yake, Keziah. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na juzi alimmiminia paka chai akidhani ni kikombe. Jabez Duckworth, nahodha wa wachimba makaa, aliitaka kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa na ngiri, akacheza kiuno kimefungwa mkanda wa farasi. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu ya ukubwa wake.

Asubuhi ile Keziah alimwambia mwanawe asimuumize mtu kwa ajili yake. Enoch akaahidi.

Wachimba makaa walikuwa wanaongoza mabao mawili kwa moja, yote mawili ya Jabez. Dakika ya mwisho Enoch aliufuata mpira miguuni mwa Jabez, akaukosa, akaupata mguu. Ulivunjika kwa sauti ambayo hata wanawake waliouza pai getini waliisikia.

Refa akamaliza mchezo. Mwenyekiti wa kamati ya hospitali, amevaa kofia yake ndefu, alimpa Jabez barua palepale kwenye matope, akampongeza. Daktari akasema majeruhi wa ajali hulazwa papo hapo, awe na barua au asiwe nayo. Wachezaji wakang'oa mlango wa banda, wakamlaza juu yake kama machela.

Enoch alisimama kando, amevunja ahadi, amevunja mguu, na bado amefungwa mechi. Hakuwahi kuona aibu kama ile.

“We Ormerod, njoo,” Jabez akamwita, akamnyooshea barua. “Mpelekee mama.”

“Na ngiri yako?”

“Si naingia? Nikishalala mle ndani wataiona wenyewe.”

Enoch akaanza kushukuru.

“Usinishukuru, mjinga wewe. Umenivunja mguu. Shika hapo, unabeba.”

Enoch akaibana barua kwa meno, isichafuke, akashika pembe ya mlango. Wakambeba mpaka hospitali, Enoch analia, na mikono haikuwepo ya kufuta machozi.